Shahidi Kutoka Ohio: Maisha ya George Washington Williams

Mwaka 1864 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiitafuna Marekani kwa mwaka wa nne. Kijana mmoja mweusi wa Pennsylvania, mwenye miaka 14, alitoroka kwao akajiandikisha katika jeshi la Kaskazini. Sheria ilimkatalia kwa sababu ya umri, kwa hiyo alitumia jina lisilo lake. Watu weusi takriban 180,000 walivaa sare ya jeshi hilo, wengi wao wakiwa watumwa wa jana. Kijana huyu alizaliwa huru, tarehe 16 Oktoba 1849, katika kijiji cha Bedford Springs. Alipigana, akajeruhiwa, akapona.

Miaka 26 baadaye mtu huyohuyo alikuwa Stanley Falls, mji tunaouita leo Kisangani, akimwandikia Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, barua iliyomshitaki mbele ya dunia nzima. Aliitwa George Washington Williams. Kabla ya hapo alikuwa amepitia uaskari, uchungaji, uhariri wa gazeti, uwakili, ubunge na uandishi wa historia. Karibu kila kazi kati ya hizo aliiacha njiani, au yenyewe ilimwacha. Waliomfahamu wangeweza kusema kwamba mtu huyu hatulii. Lakini barua ya Stanley Falls isingeandikwa na mchungaji peke yake, wala na wakili peke yake. Ilihitaji mtu aliyezipitia kazi zote hizo.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, Williams hakurudi nyumbani. Kwa maelezo yake mwenyewe, alivuka mpaka kwenda Mexico, akajiunga na majeshi ya jamhuri yaliyokuwa yakipambana na Maximilian, mfalme aliyepandikizwa na Wafaransa. Mwaka 1867 alikuwa tena askari wa Marekani, safari hii katika kikosi cha kumi cha wapanda farasi, mojawapo ya vikosi vya weusi vilivyopelekwa magharibi katika nchi za Wahindi Wekundu. Huko, mwaka 1868, risasi ilimpita kwenye pafu la kushoto, na jeshi likamwachisha kazi. Alikuwa hajafika miaka 19, na alikuwa ameshaona jinsi dola linavyoingia katika nchi ya watu wengine: linatanguliza mkataba, kisha bunduki.

Elimu yake hadi wakati huo ilikuwa ya kuokoteza. Barua zake za ujana zilijaa makosa ya tahajia. Alikaa muda mfupi katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, kisha akaingia chuo cha theolojia cha Newton, Massachusetts. Mwaka 1874 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu pale. Mwaka huohuo alimwoa Sarah Sterrett, akapewa uchungaji wa Kanisa la Twelfth Baptist mjini Boston. Wengi wangetulia hapo. Yeye mwaka uliofuata alikuwa Washington, akianzisha gazeti la The Commoner kwa kuungwa mkono na Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa msemaji mkuu wa weusi wa Marekani. Gazeti lilitoka mara chache likafa kwa kukosa fedha.

Mwaka 1876 alihamia Cincinnati, katika jimbo la Ohio, kuchunga Kanisa la Union Baptist. Hapo ndipo maisha yake ya siasa yalipoanzia. Aliandika makala gazetini kwa jina la kubuni, akajifunza sheria katika ofisi ya Alphonso Taft, ambaye mwanawe angekuwa rais wa Marekani, na akakipigia debe chama cha Republican, chama cha Lincoln. Mwaka 1879 alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la Ohio, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti humo.

Ubunge wake ulikuwa wa muhula mmoja tu. Alijaribu kufuta sheria iliyokataza weusi na weupe kuoana, akashindwa. Kisha aliwasilisha muswada wa kufunga makaburi ya watu weusi yaliyokuwa Avondale, kitongoji ambako weupe waliyalalamikia makaburi hayo. Muswada huo uliwaudhi sana weusi wenzake. Waliona mtu wao anawatumikia majirani wa kizungu kuliko wafu wa kwao. Williams hakugombea tena.

Alipoiacha siasa ya jimbo aliingia maktaba. Kwa miaka kadhaa alitafuta kumbukumbu za mahakama, ripoti za jeshi, magazeti ya zamani na nyaraka za makanisa. Mwenyewe aliandika kwamba alipitia vitabu zaidi ya 12,000. Matokeo yake yalitoka mwaka 1882 katika juzuu mbili: historia ya watu weusi wa Marekani tangu 1619 hadi 1880. Hakuna aliyewahi kuandika historia yao kwa upana huo na kwa ushahidi wa namna hiyo. Miaka michache baadaye alitoa kitabu kingine, kuhusu askari weusi wa vita vya 1861 hadi 1865. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo mahubiri hayafundishi: madai yasiyo na hati, tarehe na jina la shahidi hupeperushwa na wakubwa kama makapi.

Fedha zilikuwa tatizo lake la kila siku. Alifanya kazi ya uwakili huko Massachusetts, akatoa mihadhara, akakopa, akachelewa kulipa. Machi 1885, katika siku za mwisho za Rais Chester Arthur, aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani nchini Haiti, na Seneti ikamthibitisha. Serikali mpya ya Grover Cleveland haikumruhusu kwenda. Ndoa yake nayo ilivunjika bila talaka, na katika miaka iliyofuata alizoea kujitambulisha kama mtu asiye na mke. Vilevile aliendelea kuitwa Kanali, cheo ambacho jeshi la Marekani halikuwahi kumpa. Mambo haya mawili yangekuja kumtokea puani.

Kongo ilikuwa akilini mwake kwa miaka kadhaa. Aprili 1884 Marekani ilikuwa taifa la kwanza kuitambua bendera ya Leopold katika bonde la Kongo, kabla hata mkutano wa Berlin, ambako mataifa yalijadili Kongo, haujaanza. Leopold alikuwa amejitangaza kuwa adui wa biashara ya utumwa, rafiki wa sayansi na wa biashara huru. Williams, kama Wamarekani wengi weusi waliochoka kubaguliwa, aliamini. Aliota nchi ya Kiafrika ambako watu weusi wa Marekani wenye elimu wangepata kazi ya heshima ambayo kwao walinyimwa.

Mwaka 1889 alifika Brussels na kupokewa na mfalme mwenyewe. Leopold alijua kumpokea mgeni. Alimsikiliza, alimjibu kwa upole, akamweleza kwamba anayoyafanya Kongo anayafanya kama wajibu wa Mkristo kwa Mwafrika. Williams alitoka akimsifu. Alipendekeza kuajiri vijana weusi wa Marekani waende kuitumikia Kongo, na wakubwa wa Brussels wakalipenda wazo hilo.

Alirudi Marekani, akaenda chuo cha Hampton, Virginia, kutafuta vijana. Wanafunzi walimuuliza juu ya nchi hiyo wanayoitiwa, hali yake na maisha yake. Maswali mengi hakuweza kuyajibu. Hapo akaamua kuahirisha kuajiri watu mpaka aende kuona kwa macho yake. Aliporudi Brussels na kusema anataka kwenda, uso wa mfalme ulibadilika. Aliambiwa safari ni ngumu, nchi haina afya kwa mgeni, angoje miaka mitano, na kwamba habari zote anazozitaka zinapatikana palepale Brussels. Williams aliondoka na mashaka aliyokuwa hana alipofika.

Tajiri wa reli Collis Huntington, aliyevutiwa na reli iliyokuwa ikipangwa kujengwa kutoka Matadi, alimsaidia fedha kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 1890 Williams alipanda meli. Alishuka pwani ya Kongo, akapita njia ya wapagazi kuyakwepa maporomoko ya chini ya mto, kisha akapanda stima kuelekea juu. Njiani alifanya kama alivyozoea maktabani. Aliwahoji wamisionari, wafanyabiashara, maofisa wa serikali na wenyeji, akaandika. Safari hii nyaraka zake zilikuwa watu walio hai.

Stanley Falls aliyoifikia ilikuwa mahali pa ajabu kisiasa. Waarabu na Waswahili walikiteketeza kituo cha Leopold mwaka 1886. Mwaka 1887 mfalme aliyejiita adui wa utumwa alimteua Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, kuwa gavana wake pale kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mkataba ulifanywa Zanzibar, mpelelezi Henry Morton Stanley, mtu wa Leopold, akiwa mpatanishi. Mwaka uleule wa 1890 Tippu Tip alianza safari ya kurudi Zanzibar, akamwachia mpwa wake Rashid bin Muhammed. Bendera ya dola la Leopold ilipepea juu ya soko ambalo Leopold alikuwa amewaahidi Wazungu kulifunga. Kwa macho ya wakili, huo ulikuwa ushahidi tosha.

Barua aliyoiandika hapo ina tarehe 18 Julai 1890. Ilimwendea mfalme kwa jina, ikachapishwa kwa umma. Lugha yake ni ya heshima, mpangilio wake ni wa hati ya mashitaka: shitaka la kwanza, la pili, na kuendelea hadi la mwisho, kila moja likiwa na maelezo yake. Alianza na msingi wa yote, yaani haki ya Leopold ya kuimiliki nchi. Mikataba mingapi na machifu wangapi, na ilipatikanaje?

Alieleza alivyosimuliwa mbinu za watu wa Stanley. Mzungu alifunga nyaya za betri ndani ya mkono wa koti lake, akampa chifu mkono, na chifu akatikiswa na umeme akadhani ni nguvu za mwilini mwa mgeni. Mzungu mwingine alichukua kioo cha kukuza, akawasha sigara kwa jua, kisha akasema jua ni rafiki yake na akiliagiza litaunguza kijiji. Wa tatu alishindilia baruti katika bunduki na kuificha risasi kwenye mkono wa koti, akamwambia chifu ampige, kisha akainama na kuiokota ile risasi kutoka kiatuni. Kwa michezo kama hiyo na masanduku machache ya pombe kali, vijiji vizima viliandikwa kuwa mali ya mfalme. Mtu aliyetia alama yake kwenye karatasi hakujua ametoa nini, wala kwa kawaida za kwao hakuwa na uwezo wa kuiuza ardhi ya ukoo.

Mashitaka mengine yalifuata. Serikali ya Kongo haikuwa na hospitali za kustahili jina hilo, wala shule. Mahakama zake hazikuwa na haki. Wafungwa walifungwa minyororo ya ng'ombe shingoni hadi ikawachubua vidonda. Askari walitumwa vijijini kuchukua chakula, na kijiji kilichokataa kilichomwa. Maofisa walichukua wanawake kwa nguvu. Walinunua watu na kuwafanya askari, huku Brussels ikihubiri vita dhidi ya utumwa. Katika mambo haya Williams hakudai kwamba Wabelgiji wachache wamekosea. Alisema mwenye kosa ni utawala wenyewe, na mwenye utawala ni mfalme. Aliomba mataifa yaliyokaa Berlin yaunde tume ya kuchunguza.

Miezi michache baadaye alimwandikia pia Rais Benjamin Harrison, kwa sababu Marekani ilikuwa ya kwanza kuitambua bendera ile na kwa hiyo ilikuwa na deni. Katika barua yake kwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani alisema dola la Leopold linatenda jinai dhidi ya ubinadamu. Maneno hayo yangesikika katika kesi za viongozi wa Wanazi huko Nuremberg zaidi ya nusu karne baadaye. Kwa kuwa alikuwa wakili, alijua pia kwamba jinai lazima iwe na mtendaji mwenye jina.

Mwaka 1891 barua ilipochapishwa Ulaya na Amerika, Brussels ilishituka. Stanley aliiita jaribio la kujipatia fedha kwa vitisho. Magazeti yaliyomtetea mfalme hayakujishughulisha sana na minyororo wala mikataba. Yaliuliza: huyu Williams ni nani? Kanali wa jeshi gani? Na hapa mapengo ya maisha yake yalimgeukia, kwani kweli hakuwa kanali. Juni 1891 jambo hilo lilizungumzwa katika bunge la Ubelgiji, na maofisa wa dola la Kongo wakatoa ripoti ndefu ya kujitetea.

Mbinu hiyo tunaifahamu vizuri huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo. Mtu akisema shamba fulani limechukuliwa kwa hila, au askari wa kundi fulani wamepita usiku, jibu la kwanza huwa ni kabila lake, deni lake, au nani amemtuma. Swali la nani anasema lina nafasi yake, maana shahidi mwongo yupo. Lakini alijibiwa Williams mtu, na hoja zake zikaachwa zimesimama. Uongo wake kuhusu cheo haukufungua mnyororo hata mmoja shingoni mwa mtu.

Hakuishi kuona mwisho wa ubishi huo. Kutoka Kongo alishuka hadi Luanda, akalizunguka bara hadi Misri, na huko Cairo kifua kikuu kikamshika vibaya. Melini akielekea Uingereza alikutana na Mwingereza kijana, Alice Fryer, wakachumbiana, naye Alice hakujua kwamba mchumba wake ana mke Marekani. London alijaribu kuandika kitabu kikubwa juu ya Kongo. Afya ikamkatalia. Alice na mama yake walimpeleka Blackpool, mji wa pwani, wakitumaini hewa ya bahari ingemsaidia. Alifariki tarehe 2 Agosti 1891, akiwa na miaka 41. Kaburi lake lilikaa bila jina hadi mwaka 1975, mwanahistoria John Hope Franklin, aliyemfuatilia kwa miaka mingi, alipoliwekea jiwe.

Leopold akapumua. Katika miaka iliyofuata mpira wa porini ulipanda bei, na maovu aliyoyaona Williams yakazidi mara nyingi: mateka, viboko, mikono iliyokatwa. Ilichukua muda hadi sauti nyingine zisikike, zikiwamo za mwandishi Edmund Morel na Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ambaye ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Mwaka huo Leopold alilazimika kuunda tume ya uchunguzi, akitumaini itamsafisha. Mahakimu watatu walikwenda Kongo, wakawasikiliza wenyeji kwa mamia, na ripoti yao ya mwaka 1905 ikathibitisha maovu kwa kiasi ambacho mfalme hakukitarajia. Mwaka 1908 Kongo ilitolewa mikononi mwake ikawa koloni la Ubelgiji. Tume ambayo Williams aliiomba ilikuja miaka 14 baada ya barua yake.

Williams hakuwahi kufika Masisi wala Walikale, huku kwetu Kivu. Mwaka 1890 dola la Leopold lenyewe lilikuwa halijafika huku. Mjerumani von Götzen ndiye aliyepita mwaka 1894, akitoka Rwanda, akapanda volkano ya Nyiragongo, kisha akajitosa katika misitu ya magharibi hadi mto Kongo. Mpaka kati ya Wabelgiji na Wajerumani haukupata sura yake hadi mwaka 1910. Hata hivyo shitaka la kwanza la Williams, lile la karatasi na ardhi, lilipanda milima yetu likiwa hai.

Tarehe 1 Julai 1885 Leopold alikuwa ametoa amri kwamba ardhi yote iliyo wazi ni mali ya dola. Nani anaamua kwamba ardhi iko wazi? Mwenye kuandika amri. Malisho yanayopumzishwa, pori la kuwinda, shamba lililolazwa lirudishe rutuba, vyote machoni pa karani vilikuwa wazi. Leopold alipoondoka mwaka 1908, wazo hilo halikuondoka naye. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyogawia walowezi wa Kizungu mashamba makubwa katika vilima hivi. Walowezi walihitaji vibarua, na kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilihamishia Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda na kuwaundia Gishari, utawala wao ndani ya nchi ya Wahunde, wenyeji wa Masisi, kisha mwaka 1957 ikaufuta. Wenyeji na waliohamishwa, wote waliachiwa ardhi ambayo karatasi yake ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Uhuru haukuifuta kanuni hiyo. Sheria ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ya nchi ni mali ya serikali, na kuwaacha wanaoishi kwa desturi za ukoo wakisubiri utaratibu wao. Wenye vyeo na fedha hawakusubiri. Waliyapata mashamba ya walowezi, wakazungushia uzio, na mwenye nyumba humo akajikuta mpangaji au mvamizi. Machi 1993 mapigano yalipoanza katika soko la Ntoto, Walikale, na kusambaa hadi Masisi yote, uraia na uongozi vilitajwa sana kuwa chanzo. Lakini mkulima wa Karuba aliyekimbia kuelekea Sake alijua pia nani angelima mahali pake siku ya pili.

Mashitaka mengi ya Williams yalipata majibu, ingawa kwa kuchelewa. Minyororo ya ng'ombe imekwisha, mfalme amekwisha, na historia imempa haki mtu aliyeitwa kanali wa uongo. Shitaka la ardhi ndilo ambalo hakuna tume iliyolisikiliza hadi mwisho. Yeyote atakayelifungua tena atahitaji zana alizokuwa nazo Williams: kwenda mahali penyewe, kuwahoji watu wa pande zote, kuandika tarehe na majina, na kuisoma kila hati akiuliza aliyetia sahihi alikuwa na haki gani ya kutoa anachokitoa. Na awe tayari, kwa sababu wakikosa jibu la hati watamtafutia dosari yeye.